Babu ameacha makopo 14 ya negativu, kila bahasha ina alama kama "B 12/47". Nizipange upya au niziache?

#1 Mjukuu wa Studio
Wakuu, habari. Babu yangu alikuwa na studio ya picha Ngamiani, Tanga, tangu 1958 hadi 1986. Alishatangulia mbele ya haki, na pale ilipokuwa studio sasa panauzwa vipuri vya pikipiki. Mwezi uliopita fundi alifungua dari ya nyumba ya familia akakuta makopo 14 ya biskuti, yale makubwa ya mraba, yamejaa negativu. Nimehesabu kopo moja nikapata bahasha 212, kwa hiyo yote yanaweza kufika karibu 3,000.

Kila bahasha ina alama ya penseli: herufi B, namba, mkwaju, halafu namba nyingine. B 12/47. B 3/110. B 19/8. Hakuna jina wala tarehe. Ndani ya kopo hazifuatani. Unakuta B 12 imekaa kati ya B 4 na B 7. Bibi anasema daftari lilikuwepo, mchwa wakalimaliza.

Binamu yangu anataka tumwage zote mezani tuzipange kwa aina: harusi, watoto, mpira, siasa. Kopo la kwanza tulishaanza, nikasita. Nilihisi kama nafuta mwandiko wa babu.

Sasa, hiyo B ni nini? Na mkusanyiko kama huu unapangwaje ili mtu akija kuulizia picha ya mama yake niipate? Bibi ana miaka 84, sura anazikumbuka, alama hazijui. Naomba kuwasilisha.

#2 Nipo Pembeni
Ngoja waje wenyewe. Nakaa hapa na kahawa na kashata.

#3 Barabara ya Tisa
Mkuu, hili halihitaji mtaalamu, linahitaji mtu wa Ngamiani. Barabara zetu zina namba, ya Kwanza mpaka ya 21. B ni Barabara. B 12 ni Barabara ya 12. Ukimuuliza mtu wa Ngamiani anakaa wapi, hakutajii jina la mtaa, anakwambia "barabara ya kumi na mbili". Hiyo 47 ni nyumba. Babu alikuwa anajua picha ipelekwe wapi.

#4 Chumba cha Giza
Nimepiga picha za studio miaka 30, naliona kwa jicho jingine. Filamu ya 120 kwenye kamera ya mraba inatoa picha 12. Ukitumia kamera ya 6 kwa 9 unapata 8, ya 6 kwa 4.5 unapata 16. Kwa hiyo B 12 inaweza kuwa aina ya kamera, na 47 ni filamu ya 47.

#5 Mjukuu wa Studio
@Chumba cha Giza asante, lakini kuna B 5, B 19, na B 7 ni nyingi sana. Kuna kamera ya picha 19?

#6 Chumba cha Giza
Hapana, hakuna. Hapo umenikamata. Nasubiri.

#7 Mtoto wa Pongwe
12/47 si Desemba 1947?

#8 Barabara ya Tisa
@Mtoto wa Pongwe soma uzi kabla ya kuandika, mdogo wangu. Studio imefunguliwa 1958. Na mwezi wa 19 unauona kwenye kalenda ya nani?

#9 Karani Mstaafu
Mjukuu, simamisha kazi leo hii. Mwambie na binamu yako.

Nimefanya kazi ya nyaraka tangu ujana wangu. Jambo la kwanza tulilofundishwa ni kwamba usivunje mpangilio wa mwenye mali kabla hujauelewa. Wewe unaona fujo, mwenyewe alikuwa anajua anapitia wapi. Na hata kama ni fujo ya kweli, ujirani ni ushahidi. Bahasha usiyoijua ikiwa imebanwa kati ya mbili ambazo bibi amezitambua kuwa za arusi moja, umepata pa kuanzia. Ukishazimwaga mezani, ujirani huo umekufa na hakuna wa kuufufua.

Halafu tofautisha kupanga na kuorodhesha. Kupanga ni kitu kikae wapi. Kuorodhesha ni mtu akipateje. Picha moja haiwezi kukaa kwenye bahasha mbili, lakini kwenye orodha unaweza kuitaja mara kumi: arusi, gauni, pazia la studio, Barabara ya 12 kama kweli ndiyo, jina la bibi arusi, jina la mpambe.

Ofisi moja niliyowahi kuitumikia ilipanga picha zake kwa mada: Viongozi, Kilimo, Michezo. Akaja mtu anatafuta picha ya kiongozi akichuma pamba. Iko Viongozi au Kilimo? Kila karani aliweka alikoona inafaa, na kila aliyeitoa aliirudisha kwingine. Ndani ya miaka michache hakuna aliyeamini lile kabati.

Kopo la kwanza mmelivuruga kiasi gani?

#10 Mjukuu wa Studio
Shikamoo mzee. Tulishatoa kama bahasha 60. Kwa bahati binamu alipiga picha ya kopo kwa simu kabla hatujagusa, akaituma kwenye kundi la familia. Safu ya juu inaonekana.

#11 Karani Mstaafu
Marahaba. Mpe binamu soda. Rudisha unazoziona kwenye hiyo picha mahali pake, zilizobaki zifunge pamoja na kikaratasi: "zilitolewa kopo la 1, mahali hapajulikani". Usibahatishe.

#12 Kompyuta Hai
Kwa heshima ya mzee #9, napingana kidogo. Hayo yalikuwa mambo ya enzi za makabati. Leo unaskani zote, unazipa maneno ya utafutaji, kompyuta inakuletea. Babu aliziweka vipi kwenye kopo la biskuti haijalishi tena. Huenda hata hakuziweka yeye. Waliohama nyumba ndio walizisukuma darini.

#13 Karani Mstaafu
@Kompyuta Hai sentensi yako ya mwisho ni ya maana kuliko zilizotangulia. Inawezekana kabisa mpangilio wa ndani ya makopo ni wa wapagazi. Lakini hilo nalo tutalijua kwa kuandika nini kilikutwa wapi. Na maneno ya utafutaji ataandika nani, kama hujui picha ni ya nani?

#14 Nahodha Kisauni
Salaam kutoka Mombasa. Ami yangu alikuwa na studio huku. Yeye aliandika kwa vitabu vya risiti. Nambari ya kitabu kwanza, kisha nambari ya risiti. Mteja akirudi na risiti yake, ami anaenda moja kwa moja kwa negativu. Hiyo B nadhani ni Buku. B 12/47: buku la 12, risiti ya 47. Tazama nambari ya pili kubwa kabisa ni ngapi. Vitabu vyake havikupita karatasi 100.

#15 Barabara ya Tisa
Nahodha, Mombasa hamna barabara za namba ndiyo maana hulioni. 😄 Na kule #1 kasema ipo B 3/110. Kitabu cha karatasi 100 kimezaa kumi za ziada?

#16 Mjukuu wa Studio
Nimepitia makopo matatu bila kuhamisha kitu. Namba ya pili kubwa kabisa ni 198. Namba ya kwanza kubwa ni 21.

#17 Barabara ya Tisa
ISHIRINI NA MOJA. Naomba kesi ifungwe.

#18 Nahodha Kisauni
198 bila kupita 200? Hicho ni kitabu cha karatasi 200. Barabara gani ya Ngamiani ina nyumba 198, ndugu yangu?

#19 Barabara ya Tisa
Basi si namba ya nyumba, ni mteja wa 198 wa barabara hiyo. Ila 21 huwezi kuikwepa.

#20 Chumba cha Giza
Wakati nyinyi mnabishana, kuna jambo haliwezi kusubiri. Mjukuu, ukifungua kopo kuna harufu ya siki?

#21 Mjukuu wa Studio
Ndiyo! Makopo mawili yananuka kama achari. Nilidhani ni kutu.

#22 Chumba cha Giza
Hiyo ni filamu ya asetati inaoza. Joto na unyevu vinaifanya itoe asidi ya siki, na asidi hiyo ikifungiwa ndani inazidi kuila. Darini chini ya bati, Tanga, ndipo pabaya kuliko pote. Baadaye filamu inanywea, inajikunja, tabaka la picha linavimba mikunjo kama ngozi ya maziwa. Na ugonjwa huo haurudi nyuma, unapunguzwa mwendo tu.

Yatenge makopo hayo mawili na mengine. Usiyabane mfuniko. Toa yote darini leo, yakae chumba chenye ubaridi na hewa, mbali na sakafu. Na hizo mbili zinazonuka ndizo uanze kuzinakili, kabla ya nyingine zote.

Angalia pia ukingo wa filamu. Ukiona neno SAFETY si ile ya nitreti inayoshika moto haraka. Nitreti iliachwa kutengenezwa mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa studio ya 1958 sidhani utaikuta, lakini tazama.

#23 Mama Karafuu
Weka karafuu na vidonge vya nondo, wadudu hawasogei.

#24 Chumba cha Giza
Dada, karafuu weka kwenye pilau. Vidonge vya nondo vina kemikali inayopanda hewani na kutua juu ya filamu. Usafi, ubaridi na ukavu vinatosha.

#25 Mtoto wa Pongwe
Si aweke friji?

#26 Chumba cha Giza
Baridi kweli inasaidia, lakini friji ya nyumbani ina unyevu, na umeme ukikatika unyevu huo unageuka matone juu ya negativu. Bila mifuko isiyopitisha hewa, na bila kuiacha izoee joto la chumba kabla ya kufungua, utaua zaidi. Asianze na hilo.

#27 Mjukuu wa Studio
Nimeyatoa yote. Swali: zile bahasha za kaki zimechakaa, nizitupe nizibadilishe?

#28 Karani Mstaafu
Usithubutu. Alama iko juu yake, na alama ndiyo kitu pekee babu alichokuachia kwa maandishi. Kaki ina asidi, kwa hiyo negativu ihamie bahasha mpya ya karatasi isiyo na asidi, na ya zamani uihifadhi kando kwa mfuatano uleule. Kwenye mpya nakili alama kwa penseli kabla hujaingiza filamu, maana kalamu ya wino inavuja na kukandamiza.

Namba yako mwenyewe iwe ya mahali: kopo, bahasha, picha. Mfano 02-045-03. Usitie maana nyingine ndani yake. Usiandike "harusi" kwenye namba, kesho bibi akisema ilikuwa maulidi utabadilisha kila kitu.

#29 Kompyuta Hai
Hapo naungana na mzee. Jina la faili liwe hiyo namba tu, mengine yote yaingie kwenye safu za jedwali. Nakala kuu iwe TIFF, faili nzito isiyopunguza ubora, ya kutumiana iwe JPEG, faili nyepesi. Nakala tatu, kwenye vyombo viwili tofauti, moja ikae nje ya nyumba hiyo. Kama huna skana ya filamu, tumia kamera juu ya mwanga mweupe. Watu wanaweka kishikwambi kama taa, ila inua filamu kwa kipande cha plastiki nyeupe kama maziwa, la sivyo utapiga na vidoti vya skrini.

Na usitumie herufi B popote kwenye namba zako, tutachanganyikiwa sote.

#30 Mbeba Boksi Frankfurt
Wakuu, nimesoma uzi wote kwenye treni. Huku Frankfurt, maktaba ya chuo kikuu ina picha kama 55,000 za iliyokuwa jumuiya ya kikoloni ya Wajerumani, na zimewekwa mtandaoni. Tanga yetu imo humo. Nimetafuta jioni nyingi. Mjerumani aliyesimama mbele ya stesheni unaweza kukuta jina lake. Mwanamke aliyevaa kanga ni "mwanamke Mswahili". Basi. Alikuwa na jina, alikuwa bibi wa mtu, na mpiga picha hakuona sababu ya kumuuliza.

Kuhusu namba: picha za Walther Dobbertin, yule aliyekuwa na studio Dar es Salaam kabla ya Vita ya Kwanza, ziko kwenye nyaraka za taifa la Ujerumani, na namba zake zinaanza na 105-DOA. 105 ni mkusanyiko wake, DOA ni kifupi cha Afrika Mashariki ya Kijerumani. Mwaka 2008 nyaraka hizo zilitoa picha zaidi ya 80,000 kwa Wikimedia, wale wenye Wikipedia, zikasambaa kila kona, lakini ukiona namba hiyo popote unajua zilitoka wapi. Mzee #28 yuko sahihi, namba ioneshe asili.

Ila namba itasubiri. Bibi wa miaka 84 hasubiri. Kaa naye kila siku nusu saa, mwoneshe picha, rekodi sauti.

#31 Bint Raskazone
Naunga mkono #30, na naomba kuongeza la upande wa pili. Humo mna wake za watu. Zamani dada zetu walikuwa wanapiga picha studio bila buibui, nywele wazi, kwa ajili ya mume aliye safarini au shoga yake. Picha hiyo ilikuwa ya macho mawili. Mama yangu alipigwa moja kama hiyo, aliificha ndani ya Msahafu mpaka anafariki. Ningeikuta mtandaoni ningelia.

Kwa hiyo jedwali liwe na safu ya ruhusa: inaoneshwa, haioneshwi, waulizwe wenyewe. Na sasa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si suala la adabu peke yake.

#32 Mjukuu wa Studio
Dada, hili sikuwa nimelifikiria. Nimeongeza safu leo. Nilishatuma picha mbili kwenye kundi la familia, nimezifuta.

#33 Shabiki wa Mangushi
Mna picha ya Coastal Union wakichukua ubingwa? Ilikuwa 1986 kama sikosei.

#34 Barabara ya Tisa
Unakosea. Coastal bingwa 1988. Babu kafunga studio 1986, miaka miwili kabla ya raha yenyewe.

#35 Shabiki wa Mangushi
Inauma. 💔

#36 Mjukuu wa Studio
Ya timu ipo moja, tarehe siijui. Kwa ujumla tarehe zinanishinda. Nyie mnazipataje?

#37 Karani Mstaafu
Tafuta kitu ambacho hakikuwepo kabla, au hakikuwepo baada. Bendera inasaidia hata kwa nyeusi na nyeupe: ya Tanganyika, 1961 hadi 1964, ina mistari ya kulala, ya Muungano mistari imekata mshazari. Mtu akiwa na beji ya TANU ni kabla ya Februari 1977 au amechelewa kuivua. Ukiona CCM, ni baada ya hapo.

#38 Mama Karafuu
Pilau mmelikubali, na hili mlikubali basi. Sisi Unguja tuna Beit al-Ajaib. Ukiona picha ya zamani ina mnara wa taa umesimama peke yake mbele ya jumba, ni kabla ya Agosti 1896, Waingereza walipopiga mizinga. Ukiona mnara wa saa umeungana na jumba lenyewe, ni baada. Nimewasahihisha watu wengi wanaouza kadi za posta na tarehe za uongo.

#39 Chumba cha Giza
Hiyo nimeipenda sana dada, naomba radhi kwa pilau. Kwa karatasi zilizochapwa, chukua ile taa ya dukani ya kukagulia noti. Weupe unaong'aa kwa taa hiyo ulianza kutiwa kwenye karatasi za picha miaka ya 1950. Ikiwa haing'ai, haithibitishi kuwa ni ya kale. Iking'aa sana, mtu asikwambie ni ya 1930.

#40 Bint Raskazone
Na kanga. Skani kubwa unasoma jina la kanga. Mama zetu wanakumbuka kanga ipi ilitoka lini.

#41 Karani Mstaafu
Kweli, lakini kanga inakupa mwanzo tu. Mtu aliinunua mwaka fulani akaivaa miaka kumi. Andika "si kabla ya", usiandike mwaka mmoja kama una uhakika.

Sasa turudi kwenye B. Mjukuu, studio ilikuwa na mapazia ya nyuma? Kama B ni buku, picha za B moja zimepigwa karibu karibu, kwa hiyo zitakuwa na pazia lile lile. Kama ni barabara, mapazia yatachanganyika, maana watu wa barabara moja walikuja miaka yote. Jaza safu ya pazia.

#42 Mjukuu wa Studio
Nimerudi baada ya wiki mbili. Makopo mawili yenye harufu yameisha, na la tatu pia. Mapazia ni mawili: la michoro, lina mnazi na meli, na la kitambaa kitupu. Bibi anasema la meli lilichorwa karibu na Uhuru, na lilichanika wakati mjomba anaanza shule, 1970.

B 7 zipo 44, zote za meli. B 12 zipo 31: za meli 20, kitupu 11. B 19 zote kitupu.

#43 Nahodha Kisauni
Namba ndogo meli, namba kubwa kitupu, ya kati imechanganyika. Buku la 12 ndilo lililokuwa mezani pazia lilipochanika. Nimemaliza.

#44 Barabara ya Tisa
Bahasha 3 za makopo 14 umezifanya hukumu? Amefanya makopo matatu tu. Na barabara za namba kubwa huenda zilijaa watu baadaye, ndiyo maana wateja wake ni wa miaka ya kitupu.

#45 Kompyuta Hai
Makopo matatu, si bahasha tatu. Lakini hoja yake ya mwisho haijajibiwa.

#46 Chumba cha Giza
Pia kitambaa kitupu kinaweza kuwa cha pasipoti na kadi tangu zamani. Pazia la meli huwezi kupigia picha ya kitambulisho. Ziangalie hizo 11 za B 12: ni za uso tu au za mwili mzima?

#47 Mjukuu wa Studio
Za uso 9, mwili mzima 2. Na jana jioni, kopo la 14, chini kabisa, nimekuta B 23/2.

#48 Nahodha Kisauni
Barabara ya 23, @Barabara ya Tisa? Tuelekeze tuje.

#49 Barabara ya Tisa
Nimesoma mara tatu. Babu alikuwa na wateja Chumbageni, Makorora, Mwanzange. Hawakosi kuwekewa namba zao baada ya 21. Sijashindwa.

Mjukuu, nina hoja nyingine kuliko kubishana. Barabara ya Tisa yupo mzee mmoja, utotoni alikuwa anatumwa kupeleka picha nyumba kwa nyumba na baiskeli. Hakumbuki studio ya nani. Nimlete Jumamosi?

#50 Mjukuu wa Studio
Mlete tafadhali. Njooni kabla ya adhuhuri, bibi huwa anapumzika akishaswali. Nitaziweka B 9 zote juu ya meza, kila moja na kikaratasi cha mahali pake.